Mkono Mwekundu Kwenye Futi Kumi na Moja

Kitendawili.

Nina bubu niliyemfungia kati ya kuta mbili. Akitembea katikati, hata panya hamsikii. Akigusa ukuta mmoja tu, kijiji kizima kinatoka nje. Nani huyo?

Fikiri. Ukishindwa utanipa mji, nami sipendi kuchukua mji wa mtu bure. Lakini usikawie. Kuna wanaume kumi na mmoja wanaoshuka chini ya ardhi asubuhi hii, na roho zao zimening'inia kwenye jibu lako.

Ilikuwa Jumamosi, Aprili ya mwaka wa sitini na tano, saa moja na dakika tano asubuhi.

Simu ililia mara mbili. Ikanyamaza. Ikalia tena mara moja.

Nyangi akainua mkonga wa simu.

"Ningu," alisema.

"Kamongo. Mvua?"

"Haijakata tangu jana."

"Samaki anaenda sokoni leo. Saa saba mchana, gati la Homa Bay. Mnunuzi atakuwa ndani ya motaboti."

"Nimesikia."

"Asiguswe njiani. Namtaka yeye, mzigo wake, na mkono utakaoupokea. Vyote mahali pamoja."

Simu ikakatwa.

Ningu ni samaki anayepanda mto maji yakifurika. Kamongo hulala ndani ya tope mwaka mzima na hafi. Aliyechagua majina hayo, Kamongo mwenyewe, alikuwa mtu wa ziwani, ameketi Nairobi katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, na Nyangi hakuwahi kumwona uso.

Kwa siku ishirini na moja, hapa mgodi wa Nyagoto, nyuma ya vilima vya Suna, Nyangi alikuwa akiitwa Mellen. Mellen karani wa chati. Sketi ya kijivu, kalamu ya Parker sikioni, kikapu cha ukindu mkononi. Chini ya madaftari, ndani ya kikapu, bastola ya Beretta ilikuwa imefungwa kwa leso.

Na samaki alikuwa Bwana Krall.

Alikuja kama mtaalamu wa mawe, na barua nzuri, na kiko mdomoni. Miezi minne sasa alikuwa akitoa dhahabu katika njia mpya ya magharibi, njia ambayo haikuchorwa kwenye ramani yoyote. Ilipanda juu ndani ya masanduku ya mawe ya majaribio, nayo masanduku ya mawe hakuna anayeyafungua. Walioichimba njia hiyo walikuwa wanaume kumi na mmoja, nyapara wao Jared akiwamo. Krall aliwaambia ni shaba mbovu. Hao tu ndio wangeweza kumwonyesha askari mahali.

Nyangi aligeuka kutia wino kwenye mashine.

Akasimama.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la chuma lenye mlango wa kioo, limepigiliwa ukutani kama kabati la dawa. Ndani yake karatasi ndefu yenye mistari ya saa na dakika ilishuka polepole, na kalamu ya wino wa zambarau ikiichora. Chini kabisa mgodini kulikuwa na shimo la kukusanyia maji, na ndani ya shimo boya. Maji yakipanda, boya linapanda, na waya unaiambia kalamu ipande. Pampu ikivuta, kalamu inashuka. Mchana kutwa, usiku kucha, tano, saba, tisa, sita, tano.

Kandokando ya kalamu kulikuwa na mikono miwili myekundu. Wa chini ulikaa kwenye futi tatu, maana maji yakishuka kupita hapo pampu hufyonza hewa ikaungua. Wa juu ulikaa kwenye kumi na mbili. Kalamu ikigusa mkono wowote, kengele mbili zinalia pamoja: moja ukutani hapa, nyingine chini, kwenye mguu wa ngazi.

Sasa bubu wangu umemjua.

Lakini asubuhi hiyo mkono wa juu haukuwa kwenye kumi na mbili.

Ulikuwa kwenye thelathini na nane.

Nyangi hakugusa kitu. Alitazama. Skrubu ya mkono ilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Sakafuni, chini ya sanduku, jivu kidogo. Akainama, akanusa. Tumbaku ya kiko.

Aliona mambo yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Krall akiondoka leo hatarudi. Waliochimba njia yake wako zamu leo. Pampu ikizimwa, maji yatapanda, na kengele itakaa kimya hadi futi thelathini na nane. Kwa nini hakukata waya tu? Kwa sababu waya uliokatwa ni ushahidi. Mkono uliowekwa vibaya ni kosa la karani, msichana wa darasa la nane.

Na leo Jumamosi. Mzee Zadock, mwenye pampu, alikuwa Msabato. Siku ya Sabato pampu iliangaliwa na Ombui.

Ombui alikuwa dereva wa Krall.

Jana yake, jua likielekea kuchwa, Zadock alikuwa ananawa grisi kwa majivu, anajiandaa kuipokea Sabato. Alikuwa mzee wa Karungu, mrefu, mwenye mgongo kama upinde. Yeye ndiye aliyemfundisha Mellen mashine ile.

"Usiweke mkono kwa kukisia, nyathina," alimwambia tangu wiki ya kwanza, akimwita mwanangu kwa Kijaluo chake. "Tazama karatasi siku saba. Ona maji yanacheza wapi yakiwa na afya. Halafu weka mkono juu ya mazoea na chini ya msiba. Ukiweka karibu sana na mazoea, kengele inalia ovyo. Kengele ya kulia ovyo ni kama mke mgomvi, mwisho watu wanalala tu."

Hiyo jana aliongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alilisema akitazama mikono yake.

"Mwaka wa hamsini na mbili mkono ulikuwa hapa, kwenye tisa. Mzungu wa wakati ule aliuweka, akaenda zake. Kila saa kengele. Unakula, kengele. Unasali, kengele. Mtu mmoja akachoka. Akachukua kitambaa, akakifunga kwenye nyundo ya kengele." Alichota majivu mengine. "Maji yakaja kweli. Watu saba. Mmoja alikuwa Mkuria, Werema, fundi wa mbao. Alikuwa anapenda kunigawia uji wake wa wimbi, kwenye kibuyu kimoja. Mimi upande huu, yeye upande ule."

Nyangi aliendelea kufunika chupa ya wino. Kifuniko hakikutaka kukaa.

"Aliyefunga kitambaa alikuwa nani, mzee?"

Zadock alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Kisha naye akauliza, kama alivyouliza kila siku tangu Mellen afike.

"Na wewe, nyathina. Nyar ng'a? Binti wa nani? Uso wako nimeuona mahali."

"Nyuso ni nyingi, mzee. Sabato njema."

Saa moja na dakika kumi na mbili.

Nyangi alizungusha simu.

"Kamongo."

"Ningu. Samaki atazima pampu kabla hajaondoka. Kengele ameipofusha. Kuna watu kumi na mmoja wanashuka sasa hivi."

Waya ulivuma.

"Ukiwazuia, atajua."

"Ndiyo."

"Akijua, dhahabu inazama, mnunuzi anapotea, na yeye atakuja siku nyingine usiyoijua, kwa njia usiyoijua."

"Najua. Nauliza."

"Nani yuko hapo, mimi au wewe?"

"Mimi."

"Basi usiniulize mimi."

Akaweka simu chini.

Alichukua bisibisi ndogo ya Zadock, akafungua kioo. Mkono mwekundu unaoonekana ni kidole tu. Kazi yake ni kumwonyesha mtu. Anayegusa ni ulimi mdogo wa shaba, uliojificha nyuma yake. Viwili hivyo hushikwa pamoja na skrubu moja. Ukiilegeza, kidole kinaweza kukaa kwake na ulimi ukakaa kwake.

Kidole akakiacha kwenye thelathini na nane, alipokiweka Krall.

Ulimi je?

Hapo alipiga hesabu.

Kwenye futi kumi na tano, maji yanafunika mlango wa njia ya magharibi. Kwa mvua hii, pampu ikizima, yatapanda futi moja kila dakika nne. Kutoka mwisho wa njia hadi mguu wa ngazi, mtu anatembea dakika kumi na nne. Akiuweka ulimi kwenye kumi na mbili, watu watapata dakika kumi na mbili, na wawili wa mbele watapona. Akiuweka kwenye kumi, kengele italia Krall angali amesimama chumbani, kwa sababu Krall atakuja kuangalia. Mtu wa namna ile lazima aangalie.

Kumi na moja. Dakika kumi na sita. Dakika mbili za ziada, basi.

Akakaza skrubu.

Nje, watu wa zamu walikuwa wanawasha taa zao mdomoni mwa mgodi, mvua ikiwatiririka kwenye kofia.

"Mellen," Jared alimwita, "kengele yako imekuwa bubu siku hizi. Wiki tatu hatujaisikia. Umeiozesha mume?"

"Anayo sababu ya kunyamaza. Ikisema leo, acheni kila kitu. Hata sururu."

"Hata chakula?"

"Hata suruali, Jared."

Wakacheka. Wakashuka, mmoja mmoja. Nyangi aliwahesabu migongo.

Kumi na moja.

Saa nne na dakika mbili.

Kalamu ilikuwa kwenye tisa, ikitaka kugeuka ishuke kama ilivyo desturi yake.

Haikugeuka.

Mngurumo wa pampu, ule ambao masikio yalikuwa yameuzoea hata yasiusikie, ulikufa.

Dakika mbili baadaye mlango ukafunguliwa. Koti la mvua, kiko, viatu vya ngozi vyenye matope. Bwana Krall. Aliingia kama mtu anayekagua choo.

"Karani. Iko sawa?"

"Sawa, bwana."

Alikwenda hadi kwenye kioo. Akainama. Aliutazama mkono mwekundu. Ulikuwa pale pale alipouacha.

Kalamu: tisa na nusu.

"Hii mkono nani iko weka?"

"Mimi, bwana. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako." Alitabasamu. "Mzuri sana. Andika jina yako kwa karatasi. Kila mtu lazima jua nani iko weka."

Nyangi alichukua Parker akaandika *Mellen* pembeni ya chati.

Kumi.

Krall hakuondoka. Alitoa kiberiti. Cha kwanza kikazimika, unyevu. Cha pili kikazimika. Alikuwa na haraka ndogo sana, kama mtu aliyefika stesheni mapema.

"Wewe napenda kazi hapa?"

"Napenda, bwana."

"Baba yako iko wapi?"

"Alikufa, bwana."

"Pole." Cha tatu kikawaka. Alivuta, akapuliza moshi kwenye kioo. Nyuma ya moshi, kalamu ilikwea. Kumi na robo. Nyangi aliweka mkono ndani ya kikapu, kama anayetafuta rula. Leso ililegea chini ya vidole. Kengele ikilia sasa, atalazimika kumshika Krall hapa, na mnunuzi atapotea. Kumi na nusu. Krall alitazama saa yake ya Omega, kisha akailinganisha na saa ya ukutani.

"Hii saa yako nachelewa."

"Nitairekebisha, bwana."

"Hapana," alisema taratibu. "Wacha tu."

Akatoka.

Land Rover ilinguruma. Mvua ilipiga mabati kama kokoto. Nyangi alisikia gia ya kwanza, gia ya pili, magurudumu yakiteleza kwenye mteremko wa geti.

Kalamu ikagusa.

Kengele ikalia.

Ililia kama kitu kilichofungwa mdomo miaka kumi na mitatu.

Nyangi alikuwa ameshafika nje. Nyumba ya pampu ilikuwa hatua thelathini. Ombui alisimama mlangoni, spana kubwa begani.

"Rudi kwa karatasi zako, Mellen."

"Nipe fyuzi."

"Fyuzi gani?"

"Iliyo mfuko wa kushoto. Inakuvuta suruali."

Spana ilishuka. Ilikuta hewa. Nyangi alikuwa ameingia chini ya mkono wake, akaushika kifundo, akakizungusha, na uzito wa Ombui wenyewe ukambeba hadi kwenye sementi. Alipofumbua macho, kitu baridi kilikuwa nyuma ya sikio lake.

"Mellen, wewe ni nani?"

"Karani. Toa fyuzi."

Aliitoa. Kauri yake ilikuwa imepasuka kwa kuanguka, na vishikio vya ukutani vilikuwa vimepindwa makusudi. Nyangi alimfunga Ombui mikono kwa mkanda wake mwenyewe, akakabili ubao wa swichi. Mashine ya kuchora aliijua. Hii hakuijua.

Saa nne na dakika kumi na nane. Futi kumi na tatu.

Watu sita walikuwa wametoka mdomoni mwa mgodi, wanakohoa. Wa saba. Wa nane.

Kisha akamwona mtu anakuja mbio kwenye njia ya kanisa. Suti nyeusi. Tai. Viatu mkononi, kitabu cha nyimbo kwapani, mgongo uliopinda umenyooka. Mzee Zadock alikuwa anakimbia kama kijana anayefukuzwa na nyuki.

Aliona vishikio, akaweka kitabu cha nyimbo juu ya pipa, akavinyoosha kwa koleo, akaifunga kauri kwa waya wa shaba.

"Kanisani waliniuliza naenda wapi," alisema, akihema. "Nikawaambia, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, Bwana mwenyewe alisema mtu amtoe. Rudi nyuma, nyathina."

Akasukuma swichi.

Cheche. Mguno. Kimya.

Halafu pampu ikashika.

Nyangi alikuwa tayari mdomoni mwa mgodi. Wa tisa alitoka. Akangoja wa kumi.

Hakuna.

"Jared yuko wapi?"

"Alirudi," alisema wa tisa. "Mtoboa mwamba hakusikia. Masikio yake yameliwa na mashine."

Maji yalisikika chini, yakipiga ukuta. Nyangi alishika ngazi. Chuma kilikuwa baridi. Alifikiria watu saba wa mwaka wa hamsini na mbili, jinsi nao walivyoshika ngazi hii hii, bila mtu wa kuwasikia.

Taa moja ikaonekana chini. Kisha nyingine nyuma yake.

Mtoboa mwamba alitoka kwanza, amelowa hadi kifuani, amekumbatia sufuria ya chakula. Jared alimfuata, akimsukuma makalio.

"Nimemwambia aiache," Jared alisema, meno yakigongana. "Anasema wewe ulitaja suruali. Sufuria hukuitaja."

Kumi na moja.

Nyangi alirudi kwenye mashine. Kalamu ilikuwa imefika kumi na nne na robo, ikasimama, ikaanza kushuka. Alikata chati, akaizungusha, akaitia ndani ya koti.

"Jared. Pikipiki yako ina mafuta?"

"Ya mimi na wewe?"

"Ya mimi."

Ilikuwa BSA ya zamani, ya jeshi. Iliwaka teke la pili.

Barabara ya Awendo ilikuwa supu. Gurudumu la nyuma lilitaka kwenda Kisii, la mbele lilitaka kwenda Tanganyika. Nyangi aliibana kwa magoti, akaielekeza katikati. Daraja la Kuja, maji mekundu yakilamba mbao. Rongo, soko limefunikwa maturubai. Ng'ombe barabarani. Breki. Honi. Ng'ombe hakuona haraka. Nyangi akapita mtaroni.

Saa sita na dakika hamsini, ziwa likafunguka chini, la kijivu, na mlima wa Homa nyuma yake.

Akazima injini juu ya mteremko, akashuka kimya.

Gatini wanawake walikuwa wamefunika omena zao, dagaa wa ziwani, maana jua halikuwapo. Mmoja alikaa juu ya debe, beseni magotini, karibu kabisa na maji.

"Omena hii ya leo au ya jana?" Nyangi aliuliza.

"Ya jana haina macho, mama."

Lilikuwa neno la siri. Yule muuzaji aliitwa Roseline, na chini ya kanga yake kulikuwa na pingu mbili.

"Tangu saa mbili niko hapa," Roseline alinong'ona. "Nimeuza beseni nne. Nafikiri nitaacha kazi ya serikali."

"Motaboti?"

"Ile nyeupe. Nimeizawadia wavu wa zamani. Umejifunga kwenye pangaboi ya injini."

Land Rover ilikuwa imesimama kwenye mbao za gati. Masanduku manne ya mawe ya majaribio yalikuwa chini. La tano lilikuwa hewani, Krall ameshika upande mmoja, na mwanamume mwenye miwani myeusi, mguu mmoja ndani ya boti, ameshika upande wa pili.

Mkono unaotoa. Mkono unaopokea. Mzigo katikati.

Nyangi akatembea mbele, matope hadi magotini, kikapu mkononi.

"Bwana. Umesahau kitu."

Krall aligeuka. Kiko kilikaa palepale mdomoni, lakini moshi ulikatika.

"Karani? Wewe iko fanya nini hapa?"

"Nimekuletea chati." Aliikunjua. Mstari wa zambarau ulikwea karatasini kama ukuta. "Pampu ilizimwa saa nne na dakika mbili. Ulikuwa chumbani kwangu saa nne na dakika nne. Saa nne na kumi kengele ililia, na watu wote wakatoka."

"Uongo. Kengele hapana weza lia. Mkono iko thelathini na nane."

Upepo wa ziwa ulipita.

"Namba hiyo sijaitaja, bwana," Nyangi alisema. "Umeisikia, Roseline?"

"Nimeisikia."

Krall aliliachia sanduku. Lilipasuka kwenye mbao. Mawe yakabingirika, na kati ya mawe vipande vizito vya njano ambavyo havikubingirika. Mkono wake uliingia ndani ya koti, ukatoka na bastola ya Luger.

Beseni zima la omena likamkuta usoni.

Alifyatua angani. Nyangi alimpiga kifundo cha mkono kwa ukingo wa kiatu, na Luger ikaruka ikaenda kukaa na kamongo ziwani. Motaboti iliguruma, ikasogea hatua tatu, ikakohoa, ikafa. Mwenye miwani alitazama ufukweni. Wavuvi wanne, waliokuwa wakishona nyavu tangu asubuhi, walisimama pamoja, wakaacha sindano zao. Hawakuwa wavuvi.

Krall alikuwa amepiga magoti, omena zimemnasa kwenye nyusi.

"Wangapi nakufa?" aliuliza.

"Hakuna."

"Mkono ilikuwa thelathini na nane. Mimi naona kwa macho."

"Uliona kidole, bwana."

Roseline alifunga pingu, klik, klik, akaokota beseni lake. Nyangi aliingia posta, akaomba namba.

"Kamongo."

"Ningu. Samaki, mzigo, mkono. Vyote mahali pamoja."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Wanakula. Walitoka na sufuria."

Kwa mara ya kwanza alimsikia mtu yule akicheka.

"Gari la Nairobi litakuchukua saa mbili usiku. Kisumu."

"Liningoje. Nina pikipiki ya mtu, lazima niirudishe."

Alifika Nyagoto jua likizama, mvua imekata. Sabato ilikuwa inatoka. Zadock alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya kengele, suti yake ina matope hadi kiunoni, kitabu cha nyimbo kimeanikwa gotini ukurasa kwa ukurasa. Jared alikuwa ameshamweleza aliyoyaona. Mzee hakuitaja bastola.

Nyangi alifungua kioo. Alirudisha kidole na ulimi pamoja, akavileta hadi kumi na mbili, akakaza skrubu. Akafunga. Ufunguo wa mlango huo wa kioo akauweka kwenye kiganja cha mzee.

"Karatasi ibadilishwe kila Jumatatu," alisema. "Na wakileta mtu wa kuusogeza mkono, mwambie aangalie siku saba kwanza."

"Unaondoka."

"Naondoka."

Zadock aliutazama ufunguo.

"Kile kitambaa," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nimechoka, basi. Watu saba. Sijawahi kumwambia mtu, hata mama watoto, hata mchungaji. Nafanya kazi chini ya hii kengele miaka kumi na mitatu, nangojea ilie tena kwa msiba wa kweli nione kama nitakimbia."

Nyangi alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama, mgongo umemwelekea. Pampu ilinguruma. Kalamu ilikwaruza karatasi, saba, sita, tano.

"Leo ulikimbia, mzee."

Alitia Parker sikioni, akachukua kikapu, akashuka ngazi mbili za nje. Nyuma yake mzee alinyanyuka kwenye kigoda. Alimtazama vizuri, kwenye mwanga wa mwisho, jinsi alivyobeba bega moja juu ya jingine, kama watu wanaobeba mbao.

"Nyathina," aliita, sauti imepungua. "Nyar ng'a?"

Akageuka.

"Nyar Werema," alisema. "Yule wa kibuyu."